Kobe Anazima Alfajiri

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naituma ikiwa nzima kuliko gari ulilotuachia, na marahaba yake nitaisubiri hata ikichelewa njiani.

Huku tuko. Paa la jikoni limeacha kuvuja kwa kuwa mvua imeacha kunyesha. Mimi bado niko maabara ya maji, nazunguka visimani na chupa zangu, na gari lako ndilo miguu yangu. Mama hajambo. Amepata kazi ya kushona sare za shule, kwa hiyo cherehani inalia humu ndani tangu kunapokucha.

Dhumuni ni Kobe. Tangu ulipolipatia gari lile jina hilo kwa ajili ya mgongo wake, hakuna anayeliita gari tena, na sasa Kobe anaumwa. Unanijua, dalili zake nimeziandika kwenye shajara kila siku. Asubuhi nikigeuza ufunguo, mara nyingine anasema tktktktk kama mtu anayetafuta neno. Mara nyingine anasema tk, moja tu, halafu kimya. Akishawaka hana tatizo. Mikononi mwangu hajazima njiani hata siku moja. Lakini muuza maziwa anasema amemwona Kobe amezima alfajiri karibu na uwanja wa mpira. Nikamwambia amemfananisha. Alfajiri mimi nimelala, na Kobe amelala.

Kuna na mambo madogo madogo. Kiti cha dereva kinasogea mbele chenyewe wakati wa usiku, nikiingia magoti yanagonga usukani. Kioo cha kati kinainama. Na asubuhi humo ndani kuna harufu ya kitambaa kilichoungua, ila hiyo nadhani inatoka kwenye pasi ya mama.

Fundi wa hapa mtaani anasema nibadilishe stata nzima. Huyu hata ukimpelekea tairi lisilo na upepo atasema stata.

Sasa swali nje ya gari, utajibu ukipenda. Wewe na mama mlikosana nini? Mimi nilikuwa mafunzoni. Niliporudi nilikuta umehama, Kobe yuko uani, ufunguo uko juu ya kabati, na hamsemezani. Huu mwaka wa tano. Nikimuuliza mama, anajaza pini mdomoni na kuendelea kushona.

Mpwa wako.


25 Februari

Kwako Bi Vipimo,

Marahaba hiyo, ipokee kwa mikono miwili, imesafiri.

Mimi mzima. Chumba changu bado kiko nyuma ya karakana ya mabasi, ukutani upande mmoja kuna kitanda changu na upande wa pili kuna injini za watu. Nasikia mabasi hata ndotoni. Unauliza kila mara kwa nini sinunui simu. Ile niliyokuwa nayo iliangukia kwenye beseni la oili chafu, na tangu siku hiyo naishi kwa amani.

Umeandika kwamba mama hajambo. Nimelisoma neno hilo mara mbili. Hajambo ni habari ya afya, hata nesi angeweza kuniandikia. Salamu ni kitu kingine, nayo humo sikuiona. Siulizi, nasema tu kwamba sikuiona. Siku dada yangu akinitumia salamu, nitakuja huko hata kwa miguu. Na tulichokosana, muulize mwenye pini.

Tuje kwa mgonjwa. Stata na betri ni kama ndugu waliogombana, kila mmoja anamsingizia mwenzake na gari ndilo linalobaki uani. Fanya hivi uwajue. Washa taa kubwa, geuza ufunguo, na macho yako yawe kwenye taa. Zikififia huku anasema tktktk, betri ina njaa, au vichwa vyake vimeota ukungu mweupe. Vioshe kwa maji ya moto na brashi. Taa zikibaki kali naye akasema tk moja, basi betri haina kosa. Mgonge stata tumboni kidogo kwa mpini wa nyundo. Akiamka, ujue brashi zake za ndani zimelika, na hizo zinabadilishwa bila kununua stata nzima, mwambie hivyo huyo bingwa wenu.

Lakini kuna jambo linanikera. Brashi hizo niliziweka mpya mimi mwenyewe kabla sijaondoka. Stata ya mtu anayekwenda kazini na kurudi hailiki namna hiyo. Hii imepigwa kama ngoma. Na kile kiti nilikifunga kwa mkono wangu, hakisogei chenyewe, hata kikiombwa.

Kwa hiyo usinifiche dalili. Kesho asubuhi, kabla hujawasha, weka kiganja juu ya boneti uone kama ina joto. Kisha kaa kwenye hicho kiti hapo kilipo, ujiulize kinamfaa mwenye miguu ya urefu gani.

Mjomba wako.


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena, na hii iandalie mahali pa kukaa kwanza, kwa maana barua yenyewe itakuangusha.

Boneti ilikuwa na joto. Kwenye kiti nilikaa, nikapima kwa jicho, na jibu nikalijua kabla sijataka kulijua. Hata hivyo mimi siandiki kitu nisichokiona, kwa hiyo siku ya pili niliamka kabla ya alfajiri nikasimama nyuma ya pazia.

Mama alitoka na kitambaa kichwani na miwani yake ya kushonea. Hakuwasha gari. Alitoa breki ya mkono, akaweka bega kwenye mlango akamsukuma Kobe kidogo, na kwa kuwa uani kwetu ni mteremko, Kobe akateleza kimya hadi barabarani. Mama akarukia ndani, Mjomba. Mwanamke huyu ndiye anayeniambia nisikimbie kwenye ngazi.

Nilimfuata hadi uwanja wa mpira nikajibanza nyuma ya choo cha wachezaji. Huko ndiko alikowasha. Kobe akaruka kama chura, akazima. Akawasha tena, akaruka, akazima. Sikuhesabu, lakini betri ilihesabu, kwa sababu mwishowe akasema tktktk akanyamaza kabisa. Basi vijana wa timu wakaacha mazoezi wakaja kumsukuma, bila hata kuitwa, kama sehemu ya ratiba. Mlinda mlango alikuwa anasema, “Achia taratibu, Mama Kocha, taratibu.” Kwa hiyo muuza maziwa hakufananisha, na pasi ya mama nimeisingizia.

Nilirudi kitandani mbio. Aliporudi aliosha miguu, akapika chai, akaniita mezani na kunilaumu kwamba gari silitunzi, linanuka. Nikasema nitalishughulikia.

Vichwa vya betri nimevisafisha. Stata ukiigonga inaamka, kama ulivyosema. Ila sijui nifanye nini na dereva. Kwa nini mtu mzima ajifunze gari kwa kujificha, na wakati binti yake analijua na angemfundisha?

Mama hajambo. Naliandika hilo nikijua unavyolisoma.

Mpwa wako.


30 Machi

Bi Vipimo,

Marahaba. Barua yako niliisomea karakanani, na kufika pale pa choo cha wachezaji mafundi wenzangu walikuja kuniuliza kama nimepaliwa.

Kwa nini anajificha, mimi najua, na sikwambii. Wewe usimwambie kwamba umemwona. Anayejifunza kwa siri akishikwa huacha, na dada yangu akiacha jambo haligusi tena. Kuanzia leo tutazungumza habari za Kobe. Kobe ni wetu sote, hakuna aibu. Maneno yanayofuata yasome kwa sauti wakati wa chakula, tena usome polepole:

“Kobe asipigishwe stata akiwa ndani ya gia, ndiyo sababu anaruka. Kwanza gia itolewe au klachi ikanyagwe hadi chini. Ufunguo ugeuzwe kwa pumzi moja tu, uachwe, apumzike, ndipo ujaribiwe tena. Stata ikibanwa muda mrefu inaungua na betri inakauka. Ile harufu si ya pasi. Ni klachi, kwa kuwa mguu unakaa juu yake bila kuamua kama unakanyaga au unaachia. Kobe si mgonjwa sana. Ana haraka tu, na haraka anayo tangu utoto wake.”

Brashi za stata zibadilishwe mwezi huu. Fundi akitaja stata nzima, mwonyeshe barua.

Usishangae mwandiko, nimebadilisha kalamu.

Mjomba wako.


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Brashi zimebadilishwa, fundi amenuna, Kobe anawaka kwa mguso mmoja. Visima vyangu vyote nimevifikia wiki hii bila kusukumwa na mtu.

Barua niliisoma mezani. Mama alikuwa amemaliza kula, anapinda kola. Nilipofika kwenye haraka ya tangu utoto aliacha kupinda, akaweka pini tatu mdomoni, akaendelea. Nikasema moyoni, basi, tumeharibu. Nilikuwa naosha vyombo aliposema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

“Na akiwa mlimani?”

“Nani?”

“Kobe. Si ndiye mgonjwa?”

Nikamwambia nitakuuliza. Akasema nisikuulize kama ni yeye aliyeuliza, kwa kuwa hakuuliza. Kwa hiyo nakuandikia kwamba Kobe anauliza habari za mlima. Anasema akisimama kwenye mwinuko, akitaka kuondoka, ama anarudi nyuma ama anazima.

Dukani nimekutana na yule mlinda mlango. Anasema siku hizi wanamsukuma mara mojamoja tu, na mazoezi ya miguu yamepungua, kocha wa kweli analalamika.

Kalamu yako mpya ina herufi kubwa kama za bango. Ile ya zamani ilikuwa na nini?

Mpwa wako.


27 Mei

Bi Vipimo,

Marahaba. Najua nimechelewa. Barua yako ilikaa mezani kwa kuwa miwani ilipotea, kisha ikaonekana, kisha ikawa kama bado imepotea. Karakana wamenihamishia kazi ya kusikiliza. Basi likiletwa nakaa pembeni, wanaliwasha, nami nasema kasoro iko wapi. Ni kazi ya heshima. Wengine wanashika spana.

Msomee Kobe haya, mezani kama kawaida:

“Mlimani, breki ya mkono iwe juu, na gia ya kwanza iwe ndani. Mguu wa kushoto uinuke polepole, kama anayeanza mshono kwenye kitambaa laini kinachoteleza. Hakimbilii. Anasubiri sindano ishike. Injini itabadilisha sauti, itakuwa nzito kidogo, na pua ya gari itainuka. Hapo sindano imeshika. Mguu wa kushoto utulie hapohapo, wa kulia uongeze moto, na breki ya mkono ishushwe. Hataenda nyuma wala hatazima. Asiyejua cherehani atahangaika sana kulielewa hili. Anayeijua alishajifunza zamani, ni vile hakuambiwa.”

Sina zaidi. Mwezi wa saba sitakuwa nyumbani kwa siku kadhaa, msiandike.

Mjomba wako.


7 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na leo marahaba usiitoe haraka, kwa sababu nina maswali.

Nilisoma kama ulivyoagiza. Kufika kwenye mshono na sindano, cherehani ilinyamaza. Mama alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Sijawahi kumwona akizitoa kabla kazi haijaisha. Akasema:

“Aliniambia gari si cherehani. Mbele ya majirani wote, Kobe akiwa ameingia kwenye maua ya watu, na mimi niko ndani. Mtoto niliyemshonea sare za shule tangu darasa la kwanza. ‘Dada, hili ni gari, si cherehani.’ Sasa soma tena hapo pa sindano.”

Nikasoma tena. Akataka mara ya tatu. Basi hicho ndicho mlichokosana, Mjomba, na ninyi wawili mna mvi. Nilitaka kucheka, ila yeye alikuwa ameshanipokonya karatasi, ameipeleka dirishani, anaitazama kama anavyotazama nguo iliyorudishwa na mteja. Akaitisha na barua zako za nyuma, akazipanga juu ya meza ya kukatia.

“Hii mistari inapandana,” akasema. “Hapa ameandika neno juu ya neno. Mtu akishona nje ya mstari, tatizo si uzi. Mdogo wangu haoni.”

Mimi ndiye mwenye shajara, mimi ndiye napima maji ya watu, na niliamini habari ya kalamu.

Kwa hiyo jibu kama ulivyonifundisha kujibu. Taa za magari usiku zinakujia na miduara? Ukungu uko jicho moja au yote mawili? Upo asubuhi tu au kutwa? Na mwezi wa saba unakwenda wapi? Usinifiche dalili.

Mama hajambo. Jana amepanda mlima wa kanisani bila kuzima. Vijana wamempigia makofi. Hajui kwamba najua, au anajua, hatujaambiana.

Mpwa wako.


26 Juni

Bi Vipimo,

Marahaba, umenikamata.

Taa za mbele zimeingia ukungu, zote mbili, ya kulia imezidi. Miduara ipo. Wanaita mtoto wa jicho, ni jina zuri kwa kitu kisichokutii. Daktari anasema ni kazi ndogo, anafungua, anatoa kioo kichafu, anaweka kisafi. Ningemwambia mteja hivyohivyo. Wataanza na la kulia tarehe kumi na nne Julai, katika hospitali kubwa ya hapa, ile iliyo juu ya kilima.

Kuna kikwazo kimoja. Hawamruhusu mtu kutoka na jicho lililofungwa bila ndugu wa kumchukua. Nesi aliniuliza nina nani. Nikasema nina dada. Akauliza atakuja? Nikamwambia aandike kwamba nina dada, basi.

Usije. Una visima vyako, na huku kuna siku nzima ya barabara na milima. Nakukataza kumtuma mtu yeyote. Dereva wa karakana atanichukua, nitamwambia aseme sisi ni mapacha.

Na hili usilisome mezani.

Mjomba wako.


14 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hii naipeleka kwa dereva wa basi la asubuhi, ili wakusomee hospitalini.

Ulinikataza kusoma mezani, sikusoma. Niliiacha barua juu ya meza ya kukatia nikaenda kazini. Hukunikataza kuiacha.

Ulinikataza kumtuma mtu, nami nimetii. Sijamtuma mtu. Leo nimeamka nikakuta cherehani imefunikwa shuka, chupa ya chai imejaa, na uani pako wazi. Kuna alama za matairi hadi barabarani, na safari hii hakusukuma. Niliisikia stata nikiwa kitandani. Mlio mmoja, safi, akawaka.

Mlinda mlango anasema alipita uwanjani akapunguza mwendo, akapiga honi, akaendelea.

Mjomba, nina hofu kidogo. Andika upesi.

Mpwa wako.


17 Julai

Bi Vipimo,

Marahaba. Naandika kwa jicho moja, kwa hiyo mistari ikipandana safari hii nina cheti cha daktari.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, kanzu ya hospitali imefungwa nyuma vibaya, nasubiri pacha wangu wa karakana. Hospitali hii ina mlango mkubwa juu ya mwinuko mkali, na mlinzi huwasimamisha watu wote palepale kwenye mwinuko, sijui kwa chuki gani. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia gari linasimama. Nikajua ni Kobe, maana ile injini niliifunga mimi. Mlinzi akauliza maswali yake yote. Halafu nikasikia injini imekuwa nzito kidogo. Nikashika chuma cha kitanda. Nikasema, sindano imeshika, dada, tulia hapohapo, usiachie. Nesi akadhani nimechanganyikiwa na dawa.

Hakurudi nyuma. Hakuzima.

Aliingia wodini na kitambaa kichwani na vumbi la siku nzima, akanitazama, akaanza kwa kufungua ile kanzu na kuifunga upya vizuri. Kisha akasema maneno yake ya kwanza kwangu tangu nihame:

“Ulisema si cherehani.”

“Nilisema hivyo nikiwa sioni,” nikamjibu.

Alicheka hadi akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine.

Tunarudi huko Jumamosi, niandalie kile chumba cha nyuma. Dereva ni yeye. Amesema nikifungua mdomo njiani kuhusu gia, pini anazo. Kobe alizima mara moja tu tangu afike, hapa nje ya chumba changu, na ilikuwa mafuta yamekwisha. Hilo ameniambia niliandike wazi, lisije likahesabiwa kwake.

Sasa hivi amesimama nyuma yangu, anaangalia kama naandika kwenye mstari, na anasema nisimalize barua kihuni, kuna kitu nimesahau.

Mama yako hajambo. Anakusalimu.

Mjomba wako.